Marufuku ya Pili

Tarehe 7 Julai tulikutana hapa Mwanza kuiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Mashairi yalighanwa, ngonjera zikaigizwa, na wanafunzi wakatuburudisha kwa methali na vitendawili. Kisha akasimama malenga mmoja, mtu ninayemheshimu na ambaye jina lake nalihifadhi, akatoa kauli iliyopigiwa makofi kuliko utungo wowote wa siku hiyo. Alisema: "Kiswahili ni lugha ya nasaha, ya hisia na ya mapenzi. Mambo ya mitambo tuwaachie wenye Kiingereza chao."

Sikupiga makofi. Nimeibeba kauli ile kwa majuma kadhaa sasa, na leo nataka kuitua hapa mbele yenu, wapenzi wa lugha, niiseme wazi kwamba ni kauli ya uvivu. Ina sauti ya unyenyekevu, lakini ndani yake mna dharau: dharau kwa lugha, na dharau kubwa zaidi kwa watoto wetu wanaoijua lugha hiyo kuliko nyingine yoyote.

Wala simlaumu malenga yule peke yake. Upande wa pili wa ukumbi ameketi mtani wake, mpenzi wa istilahi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akibishana kama tuseme "kompyuta", "tarakilishi" au "ngamizi". Nimeshiriki mabishano hayo mwenyewe, nayo yana utamu wake. Lakini tazameni: malenga hataki kuigusa mashine, na mwanaistilahi huigusa mfuniko tu. Amelipa jina sanduku lililofungwa, akaridhika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kutueleza, kwa Kiswahili, kilichomo ndani.

Nirudi nyuma kidogo, maana jambo hili lina historia. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, mitambo ilikuwa ghali, na matunda yaliyotarajiwa hayakuonekana. Mtu anaweza kuilaumu amri ile au kuitetea. Mimi leo sina haja ya kufanya lolote kati ya hayo. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba marufuku ile iliandikwa, ilijulikana ilipoanzia, na hatimaye ililegezwa na kuondoka. Ipo marufuku ya pili ambayo haijaandikwa popote, haina tarehe, na hakuna wa kuiondoa kwa sababu hakuna anayekiri kuiweka. Ni hii ya kusema kwamba mashine haiingii katika Kiswahili. Tumejiwekea wenyewe, nasi hukutana kila mwaka kuishangilia.

Anayeilipia marufuku hiyo namjua. Mpwa wangu alimaliza darasa la saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza, na lugha ya kufundishia ikabadilika siku moja kama mtu anayehamishwa nyumba usiku. Nilimkuta akikariri kwa Kiingereza sentensi isemayo kwamba kichakataji ni ubongo wa kompyuta. Aliijua neno kwa neno. Nikamuuliza, "Na huo ubongo unatoaje tano katika saba?" Akanyamaza, kisha akasema, "Mjomba, hilo hatukufundishwa. Tumeambiwa ni ubongo tu."

Basi nikaona nimjibu mpwa wangu na malenga wetu kwa pamoja. Nimechagua mashine moja ya kale, PDP-8, iliyotolewa na kampuni ya DEC ya Marekani mwaka huohuo wa 1965. Watu wa wakati ule waliiita kompyuta ndogo, kwa kuwa wenzake walijaza vyumba, ilhali yenyewe ilitosha juu ya meza imara au ndani ya kabati moja. Bei yake ilikuwa kama dola 18,000, na zaidi ya mashine 50,000 za ukoo huo ziliuzwa. Sikuichagua kwa kuwa ni kongwe. Nimeichagua kwa sababu iliundwa kwa uchache kiasi kwamba mtu mmoja aweza kuielewa yote, kuanzia waya hadi amri.

Nianze na kumbukumbu yake, na hapa niwapeleke Kirumba, kwenye mwalo wa wavuvi. Nilichukua picha ya kumbukumbu ya mashine zile, iliyokuzwa ili mafundo yaonekane, nikampelekea mzee mmoja anayeshona nyavu kando ya maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Huu wavu wa nani? Macho yake madogo mno, hata dagaa haponi."

Hakukosea. Ni wavu kweli. Ni nyaya nyembamba, 64 za kwenda na 64 za kukata, na kila zinapokutana pana pete ndogo ya kauri yenye madini ya chuma, iliyochomwa kama chungu. Sitini na nne mara sitini na nne ni pete 4,096. Katika PDP-8 nyavu kama hizo 12 zilipangwa moja nyuma ya nyingine, yaani pete 49,152 kwa jumla. Pete kumi na mbili zilizokaa mahali pamoja, moja kutoka kila wavu, ndizo zinazofanya neno moja. Kumbukumbu za namna hii zilifumwa kwa mikono, sindano kwa sindano, na wafumaji wake aghalabu walikuwa wanawake. Ni kazi ambayo mzee wangu wa Kirumba angeitambua kwa vidole vyake kabla ya kuambiwa jina lake.

Nikamweleza kwamba kila pete ina sumaku, na sumaku hiyo huzunguka upande mmoja au wa pili. Upande huu ni moja, upande ule ni sifuri. Ukitaka kuigeuza pete moja tu kati ya maelfu, unapitisha nusu ya mkondo wa umeme katika waya wa kwenda, na nusu nyingine katika waya wa kukata. Pete zote zilizo kwenye waya mmoja tu hupata nusu, na nusu haitoshi kuzigeuza. Ile iliyo kwenye makutano hupata nusu mbili, ikageuka. Na umeme ukikatika, pete hazisahau. Zitabaki zilivyo hadi umeme urudi.

"Na kuzisoma?" akauliza.

Nikamwambia kwamba kusoma ni kuzilazimisha zote ziende upande wa sifuri, huku waya wa tatu ukisikiliza. Pete iliyokuwa moja itageuka na kutoa mshtuko mdogo wa umeme. Iliyokuwa sifuri itakaa kimya. Mzee akaweka sindano yake chini.

"Sasa, mwalimu, ukiisoma ikafutika, nani anairudisha?"

Wapenzi wasomaji, hilo ndilo swali lenyewe. Wahandisi waliounda kumbukumbu za aina hii iliwabidi walijibu hilohilo. Jibu lao lilikuwa kwamba kila usomaji ufuatwe papo hapo na uandishi: mashine husoma neno, hulishika pembeni, kisha hulirudisha lilipotoka, na waya wa nne huzizuia pete zinazopaswa kubaki sifuri zisigeuke. Kusoma na kurudisha kwa pamoja kulichukua sekunde moja na nusu iliyogawanywa kwa milioni. Mzee ambaye hakusoma kidato hata kimoja alilifikia swali hilo kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Alilifikia kwa sababu alielezwa kwa lugha anayoifikiria. Mpwa wangu, mwenye kitabu na mwalimu, hakulifikia kwa sababu alipewa sentensi ya kukariri.

Sasa tulitazame neno. Neno la PDP-8 lina biti 12, yaani nafasi kumi na mbili za moja au sifuri. Ninyi mnaohesabu mizani kwa vidole hamna haja ya kuelezwa maana ya kubanwa na idadi. Mtunzi wa mashine hii alikuwa na nafasi kumi na mbili tu za kusemea amri nzima, naye akazigawa hivi: tatu za kutaja tendo, moja ya kusema kama anwani ni ya moja kwa moja au ya kuelekezwa kwingine, moja ya kusema kama anwani iko kwenye ukurasa wa mwanzo au ukurasa uliopo, na saba za kutaja mahali ndani ya ukurasa. Saba hizo zinaweza kutaja mahali 128, basi kumbukumbu ya maneno 4,096 ikawa na kurasa 32. Hakuna nafasi iliyokaa bure.

Nafasi tatu za tendo hutoa matendo manane tu. La kwanza hulinganisha biti kwa biti. La pili hujumlisha. La tatu huongeza moja, na ikipatikana sifuri huruka hatua moja mbele. La nne huweka jumla katika kumbukumbu na kusafisha chombo. La tano huenda kufanya kazi mahali pengine kisha kurudi. La sita huenda bila ahadi ya kurudi. La saba huzungumza na vyombo vya nje, kama taipureta na kisoma utepe. La nane hushughulikia mambo ya ndani: kufuta, kugeuza, kuzungusha. Hiyo ndiyo sarufi nzima, matendo manane.

Na chombo cha kujumlishia tukiiteje? Hapa ndipo nataka mwanaistilahi anisikilize. Kipo chombo kimoja tu katika mashine hii kinachopokea hesabu, na kila kinachojumlishwa huongezwa juu ya kilichokuwamo. Kiswahili kina kitenzi "kulimbika": kungoja maji yajikusanye kisimani kidogo kidogo ndipo uchote. Mashine haina amri ya kuchota thamani na kuiweka chomboni. Ni lazima kwanza chombo kiwe kitupu, kisha ujumlishe. Hilo ni limbiko. Sikulipata neno hilo kwa kulitafuta katika orodha. Lilikuja lenyewe nilipokwisha kuelewa chombo kinafanya nini. Istilahi njema ni tunda la maelezo. Anayeanza na istilahi kabla ya maelezo hupanda tunda na kungoja mti.

Sasa nimjibu mpwa wangu. Miongoni mwa matendo yale manane, kutoa hakumo. Mashine yatoaje tano katika saba? Tazama saa ya ukutani. Kurudisha mshale saa tano nyuma ni sawa na kuupeleka saa saba mbele, kwa kuwa uso wa saa una saa kumi na mbili na mshale huzunguka. Limbiko nalo ni saa, ila uso wake una nafasi 4,096. Kurudi nyuma nafasi tano ni sawa na kwenda mbele nafasi 4,091. Basi mashine hujumlisha saba na 4,091, ikapata 4,098. Inapovuka 4,096 inaanza upya, na kinachobaki ni mbili. Hiyo 4,091 huipataje? Huichukua tano, ikageuza kila moja kuwa sifuri na kila sifuri kuwa moja, kisha ikaongeza moja. Ni hivyo tu. Mpwa wangu alielewa jioni moja, akacheka, akasema, "Kumbe haitoi, inazunguka!" Na simu iliyo mfukoni mwako, msomaji, inatoa kwa hila ileile hadi leo.

Hoja za wapinzani nazijua. Ya kwanza: maneno tunayo wapi? Rudini juu mhesabu. Pete, wavu, neno, amri, ukurasa, anwani, limbiko. Biti, waya na swichi ni za kuazima, na kuazima si aibu. Wavuvi wetu wa dagaa waliazima jina la karabai pamoja na taa yenyewe, wakaliweka katika nyimbo zao, na leo hakuna anayeliona geni. Lugha hainajisiki kwa neno lililoingia likifanya kazi. Hunajisika kwa wenyewe kukaa kimya.

Hoja ya pili: mtoto atafanya mtihani kwa Kiingereza, na vitabu vya ufundi ni vya Kiingereza. Kweli. Sisemi Kiingereza kifutwe. Nasema mtoto aliyekwisha kuelewa jambo ana kazi moja tu iliyobaki, ya kujifunza majina ya kigeni ya kitu anachokijua. Asiyeelewa ana kazi mbili kwa wakati mmoja, na aghalabu huishia kukariri zote mbili.

Hoja ya tatu: mashine ya 1965 ya nini leo? Ni kwa sababu hiyohiyo fundi wa injini humwanzisha mwanafunzi kwa injini ndogo iliyofunguliwa mezani. Vichakataji vya sasa vina transista kwa mabilioni, na jicho haliwezi kuona hata moja. PDP-8 yaonekana yote, na zipo programu zinazoiiga juu ya kompyuta ya kawaida, hata mwanafunzi aweza kuandika amri zake mwenyewe na kutazama limbiko likijaa. Neno, anwani, amri na kuzunguka kwa hesabu havijabadilika.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote: kazi hii ni ya wataalamu, na BAKITA ipo tangu 1967. Heshima yao naitunza. Nayakumbuka pia matunda ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotupa Jambo OpenOffice mwaka 2004, tukaona kwa mara ya kwanza menyu nzima kwa lugha yetu. Lakini menyu ni uso wa mashine. Na baraza la lugha husanifu kwa kuchagua kati ya maneno ambayo watu wanayatumia. Kama sisi tunaoandika hatuandiki, baraza lichague nini?

Mwisho namgeukia malenga wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema mashine haina nafasi katika utungo. Ng'ambo ya maji haya tunayoyatazama kila siku ni Ukerewe, alikozaliwa Euphrase Kezilahabi. Mwaka 1974, mwaka uleule wa marufuku ya kompyuta, alichapisha Kichomi, na wengi wakasema kwamba kile si shairi kwa kuwa hakikufuata vina na mizani. Nusu karne baadaye Kichomi kinasomwa. Waliokuwa wakilinda mlango walikuwa na hoja nzuri juu ya sanaa. Walikosea tu walipodhani kwamba lugha ina mwisho, na kwamba wao ndio wanaoujua ulipo. Mimi ni mtu wa vina na mizani, malenga analijua hilo. Basi nimtilie wavu ule wa pete katika bahari anayoipenda, nane kwa nane:

Nyaya mbili zapishana, pete moja hugeuka,
Nusu haina maana, pete haitatingika,
Ukisoma utaona, kilichomo chafutika,
Neno liandike tena, lisije likatoweka.

Si utungo wa kushindania tuzo. Nimeuweka kama ushahidi kwamba ulichokiita hakiingii kimeingia, na hakuna kina kilichovunjika.

Ninachoomba ni kidogo na chatekelezeka. Siku ya 7 Julai ijayo, kila mmoja wetu atakayekuja na shairi aje pia na ukurasa mmoja wa nathari unaoeleza kiungo kimoja cha mashine: jinsi kinavyofanya kazi, kwa Kiswahili ambacho mshona nyavu wa Kirumba na mwanafunzi wa kidato cha kwanza watakielewa. Mmoja achukue limbiko, mwingine saketi ya kujumlisha, mwingine utepe wenye matundu, mwingine taa za usoni. Tuzisome hadharani, tukosoane, tuzichape, tuwape walimu. Maneno yatakayokuwa mabovu yatakufa. Yatakayofaa yatabaki, kama karabai ilivyobaki.

Marufuku ya 1974 iliondolewa na waliokuwa na mamlaka ya kuiondoa. Ya pili mamlaka yake ni sisi.